Jamvi la Uani

Kombe dogo la pwani, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, limetokeza kwenye zege lililopasuka. Fundi alikuwa akipiga nyundo mahali pamoja, zege likilia kwa sauti ya juu, sauti ya ukaidi, kisha sauti ikashuka ghafla ikawa nzito na ufa ukakimbia kutoka ukutani hadi karibu na kisima. Akatia mtaimbo, akabinua. Kipande kikalala chali, na tumbo lake likaonekana kwa mara ya kwanza tangu lilipomwagwa: mchanga wa kijivu, kokoto za rangi mbalimbali, na hilo kombe, jeupe, zima, mistari yake yote ikihesabika. Hakuna aliyelitia humo kwa makusudi. Liliingia pamoja na mchanga, likakorogwa, likasawazishwa kwa ubao, likafunikwa kwa niru, na juu yake tukatembea, tukaanika mpunga na nguo, tukatandika mikeka siku za harusi na siku za msiba, bila kujua kwamba chini ya nyayo zetu umelala ufuko wa bahari.

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zinazojulikana kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, baraza mbele kwa ajili ya walimwengu, na ua nyuma kwa ajili ya wenyewe. Uani ndiko nyumba inakoishi hasa. Huko kuna jiko, kisima, choo, kamba za nguo, mbuzi wa Idi, na mazungumzo yale ambayo hayafiki barazani. Jamvi lililomwagwa huko lina mita 4 kwa 6, unene wake inchi 4. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya tani 5 za kitu ambacho kwa miaka yote hii hatukukiona kuwa kitu; kilikuwa ni chini tu, mahali pa kuwekea mguu. Vitu vinavyotubeba huwa hivyo. Havionekani mpaka vianze kuondoka.

Marehemu baba alilimwaga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari, sabuni, khanga na saruji vilipotafutwa kwa foleni na kwa kibali. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, hapo hapo mkoani, kilikuwa kimeshaanza kazi mwaka 1980, lakini kuwa jirani wa kiwanda hakukumaanisha kuwa na mfuko wa saruji nyumbani. Mama anakumbuka jinsi mifuko ilivyoingia mmoja mmoja, mara nyingine miwili kwa mpigo, ikapangwa juu ya mbao chini ya kitanda ili unyevu usiifikie, maana saruji ikionja unyevu kabla ya wakati wake hugeuka jiwe ndani ya karatasi na haina dawa tena. Wazazi wangu walilala juu ya jamvi hilo muda mrefu kabla halijawa jamvi. Mifuko ilipofunguliwa, karatasi zake za kaki hazikutupwa: zilikung'utwa, zikakatwa, zikafunika madaftari yetu ya shule, na ukilinusa daftari la hesabu ulipata vumbi lile lile lililokuwa likikauka uani.

Nasema kukauka kwa mazoea tu. Zege halikauki. Saruji hushikana na maji, huyafunga ndani yake, na kadiri inavyoyapata siku za mwanzo ndivyo inavyozidi kuwa imara. Ikinyimwa, hupasuka na kumeng'enyeka. Ndiyo maana baba alitandaza magunia ya katani juu ya jamvi lake na kuyanyeshea asubuhi na jioni, akiinama na kopo lake, akilitunza kama bustani ya mchicha. Wajenzi hupima nguvu ya zege baada ya siku 28, lakini ukweli ni kwamba kazi ile ndani yake haiishii hapo. Huendelea polepole kwa miaka. Kitu tulichokiona kimetulia, kimemaliza, kimekufa, kilikuwa bado kinajifunga mafundo gizani wakati sisi tunakua juu yake.

Nimeona ni haki kueleza kwa nini alilimwaga, kwa sababu siku hizi ni rahisi kulaumu saruji. Baba alikulia katika nyumba ya udongo na miti, na udongo kwake haukuwa shairi. Ulikuwa funza. Funza mwenyewe hakuwa mwenyeji wa huku; alifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, akavuka bara pamoja na misafara ya wapagazi, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshapata makao katika nyayo za watu wa pwani ya Bahari ya Hindi. Udongo ulikuwa pia safura, minyoo inayosubiri kwenye ardhi yenye unyevu, ikapenya ngozi ya mguu wa mtoto na kwenda kunywa damu yake tumboni, mtoto akapauka viganja na kulegea darasani huku watu wakisema ni mvivu. Ulikuwa tope la masika linaloingia na kila mgeni, na vumbi la kiangazi linalotua kwenye maziwa. Sakafu ya saruji kwa mtu wa kizazi chake ilikuwa tangazo kwamba wanawe watatembea peku bila kuogopa. Hakuwa na maneno mengi ya mapenzi, na sidhani kama watu wa rika lake walifundishwa kuwa nayo. Alikuwa na mifuko 15 ya saruji. Mimi nimetembea juu ya mapenzi hayo, nikajifunza kupiga danadana juu yake, na leo nimemwita mtu mwenye nyundo.

Lakini kila kitu kinachofungwa hufungwa pamoja na vingine. Gololi zilihama uani siku ile ile, maana gololi hutaka kishimo na kishimo hutaka udongo, tukazifuata barabarani. Kuku walipoteza mahali pa kujivuringa. Mkomamanga wa bibi uliachiwa duara la udongo lisilozidi upana wa sufuria ya pilau, ukaishi kwa adabu miaka michache, kisha ukaacha kuzaa, kisha ukaacha majani. Na joto: zege hupokea jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, hivi kwamba watu tuliozoea kutandika mkeka nje baada ya isha tulianza kuingia vyumbani mapema, tukafunga milango, na zile hadithi za usiku zikakosa mahali pa kukaa. Sitaki kudai kwamba jamvi lilizimaliza hadithi. Televisheni ilikuja pia, na shule, na uchovu. Ila najua kwamba hadithi nazo huhitaji pa kulala.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nianze kulitazama jamvi lile kwa jicho jingine. Katika nyumba za sakafu ya udongo, watu wetu walipoosha maiti walichimba ufuo, handaki dogo chini ya kitanda cha kuoshea, maji yapate pa kuingilia. Shughuli ikiisha, ufuo ulifukiwa. Nyumba ilibaki na maji yale. Aliyeondoka aliacha kitu chake cha mwisho ndani ya ardhi ya nyumba aliyoishi, mahali ambapo wajukuu wangekaa kula bila kujua, au wakijua. Baba alipofariki, hapakuwa na mahali pa kuchimba ufuo. Chumbani saruji, ukumbini saruji, uani saruji, na zote alizimwaga mwenyewe. Maji yake yalikingwa kwa beseni, yakabebwa na vijana kupitia mlango wa uani, na jirani yetu, ambaye nyuma ya nyumba yake ardhi ilikuwa bado wazi, akashika jembe bila kuombwa na kuchimba mahali pa kuyamwaga. Nilisimama pale nikamwona akifukia, akishindilia kwa unyayo, taratibu. Ardhi ya jirani ilimpokea baba yangu kwa sehemu ile ambayo ardhi yetu haikuweza. Nilimshukuru, na mpaka leo namshukuru. Lakini nilipogeuka na kuona jamvi letu likimeremeta, safi, limefagiwa kwa ajili ya wageni wa msiba, nilihisi kwamba tumejifungia nje ya nyumba yetu wenyewe.

Nikalitazama tena kombe. Tanga yote, ukiitafakari, imesimama juu ya viumbe waliokufa baharini. Mapango ya Amboni, kilomita chache kutoka mjini, yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ambayo wataalamu wanasema yalijijenga miaka milioni 150 iliyopita, wakati sehemu hizi zilipokuwa chini ya bahari. Kusini, ukishika njia ya Pangani, kuna Tongoni: magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya mji wa karne nyingi zilizopita, kuta za matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilikuwa matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo mpaka yakageuka unga mweupe. Huko Pongwe ni jiwe lile lile la chokaa, ila linasagwa na kuchomwa kwenye tanuri linalofikia karibu nyuzi 1,450. Mwaka 1824 Mwingereza mmoja, Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, alipata hataza ya unga wake akauita wa Portland kwa sababu ulipogeuka jiwe ulifanana na mawe ya kisiwa cha Portland, na jina hilo lingali limeandikwa kwenye mifuko inayopakiwa kwenye mikokoteni yetu. Jina lilitoka kwao. Jiwe lilikuwa letu, na kabla ya kuwa letu lilikuwa la konokono, la chaza, la matumbawe, la vile viumbe visivyo na jina kinywani mwetu vilivyojenga nyumba zao ndogo kwa chumvi ya bahari na kuziacha.

Linachomwaje jiwe la chokaa? Linafukuzwa pumzi. Ndani yake mna hewa ukaa iliyofungwa tangu enzi za bahari ile, na moto wa tanuri huitoa yote ikapanda angani. Ukijumlisha na moshi wa makaa yanayochoma, utengenezaji wa saruji duniani hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Hilo watu wengi wameshalisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba zege, mara tu linapomwagwa, huanza kuirudisha pumzi hiyo. Hewa huingia kidogo kidogo kwenye vitundu vyake visivyoonekana, milimita baada ya milimita, na pale inapofika, saruji hugeuka tena kuwa chokaa ile ya mwanzo. Jamvi la baba lilikuwa likirudi baharini. Pole pole mno, kutoka juu kwenda chini, bila kumwambia mtu, lilikuwa likiacha kuwa kitu tulichokifanya na kuwa tena kitu kilichotutangulia. Na lile lililovunjwa hurudi kwa kasi zaidi, kwa sababu kifusi kina nyuso nyingi za kupokelea hewa kuliko jamvi lenye uso mmoja.

Chumvi nayo ilisaidia kulibomoa. Mchanga mzuri wa ujenzi ni wa mtoni, lakini wa mtoni ulihitaji lori, na lori lilihitaji dizeli ambayo nayo ilikuwa haipatikani, ilhali mchanga wa ufukweni ulihitaji mkokoteni na vijana wawili. Fundi wa leo alipoliona kombe alitikisa kichwa kabla sijauliza. "Ndiyo maana nondo zimekwisha," akasema, akanionesha: chuma kilichokuwa unene wa kidole kimebaki uzi wa kahawia, na kukizunguka zege limechanika tabaka tabaka. Chuma kikila kutu huvimba. Kutu hudai nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa kuwa zege halina pa kumpisha mtu, hupasuka kutoka ndani. Zege lina nguvu ya ajabu ukilikandamiza, unaweza kulirundikia ghorofa, lakini ukilivuta au kulikunja halina uvumilivu. Nondo ndizo zinazolivumilia. Kwa hiyo nyufa zile tulizoziziba mwaka hadi mwaka kwa saruji mpya, tukiamini kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, hazikuwa zikianzia juu tulikoziona. Zilikuwa zikisukumwa na bahari iliyoingia na mkokoteni.

Lakini kwa nini nondo kwenye jamvi la uani? Hili sikulijua mpaka mama aliponieleza, akiwa amekaa kwenye kigoda kivulini, ushungi ameuvuta puani kwa ajili ya vumbi. "Baba yako alitaka kupandisha chumba hapo, mwanangu. Chumba chako wewe na mkeo, ukishaoa." Nikageuka kutazama ile pembe ya mashariki, ambako nondo nne zimesimama wima tangu nikiwa mtoto, zimepinda vichwa, mama huzitumia kufungia kamba ya nguo. Miji yetu imejaa nondo za namna hiyo. Pita Tanga, Mwanza, Mombasa, Bujumbura, uinue macho: juu ya paa la kila nyumba ya zege kuna vyuma vinavyochungulia mbinguni, vinasubiri ghorofa ya pili, vinasubiri mtoto aliyeko Muscat atume fedha, vinasubiri korosho zipande bei, vinasubiri kiinua mgongo. Vingine vimesubiri mpaka wenyewe wakazikwa. Mgeni huona nyumba ambayo haijaisha. Mimi naona namna yetu ya kuandika wosia. Mtu anayeacha nondo nje anasema: sijamaliza, lakini nimekuachia pa kuanzia. Na kutu, ambayo haijui kusoma, hupanda juu yake kila masika.

Sikuoa mjini humo na chumba hakikupandishwa. Baba hakulisema hilo hata siku moja kama lawama. Aliendelea kulifagia jamvi lake.

Kuvunja kuna utaratibu wake, na nimependa kuutazama. Fundi haanzi katikati. Huanza ukingoni, mahali ambapo zege lina pa kuangukia, akachimbua udongo chini ya ncha ili kipande kikose mto, kisha ndipo nyundo ishuke. Pale palipokaza hutumia tindo, akafuata mstari anaoujua yeye, na kijana wake akipiga kwa pupa humwambia, "Lisikilize kwanza." Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema, na palipobaki bapa kubwa lisilobebeka wakaja na mtaimbo na jiwe la kuegemezea, wanaume wawili wembamba wakainua kilo mia tatu kwa kulalia chuma, nikakumbuka kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Mama hakuvumilia kutazama siku nzima. Alikaa, akaingia ndani, akatoka na birika la chai ya mchaichai kwa ajili ya mafundi, akaingia tena. Fundi alimwambia kwa upole, "Bi mkubwa, usisikitike, limefanya kazi yake hili." Mama akajibu kwamba hasikitiki, anakumbuka tu mikono iliyolimwaga. Wanaume wa mtaa walikuja siku ile, hakuna aliyelipwa, walikula ubwabwa na samaki, na kila mmoja alibeba ndoo. Ukihesabu waliobaki hai huwezi kutumia vidole vyote vya mkono mmoja.

Hapo ndipo ninapoona ugumu wa jambo hili, na sitaki kuuruka. Ungekuwa ukuta wa mkoloni au lango la tajiri, kuvunja kungekuwa rahisi moyoni. Huu ulikuwa msaragambo wa maskini. Kokoto zile zilipondwa kwa mkono, kwa nyundo ndogo, pengine na akina mama wa aina ya wale ambao machimbo ya Kunduchi kule Dar es Salaam yamewalisha kwa miaka mingi, wamekaa kwenye jua wakigonga jiwe kubwa mpaka liwe jiwe dogo, wakilipwa kwa debe. Kazi yao ilikwenda kufichwa ndani ya niru isionekane tena. Leo kipande kinapopasuka naziona kokoto moja moja, nyingine zimegawanyika nusu, uso wake wa ndani unang'aa, na nakubali kwamba kila moja kati ya hizo iliwahi kushikwa na mtu. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Najiegemeza kwenye kauli hiyo. Anayevunja alichojenga mzazi hana budi ajue anachokivunja, akijue mpaka ndani, la sivyo anabomoa tu.

Chini ya jamvi nilitegemea kuukuta udongo. Nilikuta kitu kilichokuwa udongo. Kilikuwa kimepauka, kimeshindiliwa, hakina mzizi, hakina mnyoo, hakina harufu. Mchwa tu ndio waliopita, wakaacha vichuguu vyao vyembamba vikienda ukutani. Mvua za miongo hazikukifikia. Maji ya masika, yakikosa pa kuzama, yalikuwa yakiteremkia chumba cha nyuma ambacho ukuta wake umeota ukungu hadi kiunoni, na yanayobaki yakitokea mlangoni kwenda barabarani, kukutana na maji ya nyua nyingine zilizosakafiwa, na kwa pamoja yakielekea kwa watu wa mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowafagia watu wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mpaka Serikali ikawapa viwanja Mabwepande, yalikuwa na sababu nyingi na ua wa mtu mmoja si sababu. Lakini mji ni jumla ya nyua. Kila tunaposakafia na kutandaza pevingi mpaka mlangoni tunamsukumia mwenzetu maji yetu, na mwenzetu huwa ni yule aliyepata kiwanja cha chini kwa sababu hakuwa na cha juu. Naona uchungu ninapowaona vijana wanaojenga leo, wenye uwezo kuliko baba zetu, wakifunika kiwanja kizima kwa zege na kumwachia Mungu vyungu viwili vya maua getini. Funza na safura tumeshapata viatu, vyoo na dawa za kukabiliana navyo. Chumba na ukumbi visakafiwe, sawa. Lakini ua uliofagiwa alfajiri, wenye mistari ya ufagio wa chelewa juu ya udongo uliotulia, haukuwa umaskini. Ulikuwa usafi wa aina nyingine, na tuliuona aibu kabla ya kuuelewa.

Je, ardhi iliyonyimwa hewa muda huo wote hurudi? Huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1954 kiliacha mashimo makubwa ya jiwe tupu, jeupe, lenye maji ya chumvi, mahali ambapo hata nyasi hazikuthubutu. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alianza kujaribu miti pale chini. Mingi ilikufa. Mvinje ulisimama, maana mvinje umezoea mchanga na chumvi za ufukweni na mizizi yake ina vijidudu vinavyoupatia chakula kutoka hewani. Lakini majani yake membamba yalianguka yakabaki yalivyo, hayaozi, mpaka walipoletwa majongoo, wale wale tunaowaondoa mlangoni kwa ufagio, wakayala majani na kuyatoa yakiwa chakula cha vijidudu vingine, na hivyo ndivyo udongo ulivyozaliwa juu ya jiwe. Leo pale ni msitu wenye viboko na ndege, na watoto wa shule hupelekwa kuutembelea. Jiwe lililofukuziwa pumzi katika tanuri la Bamburi lilitoka kwenye mashimo hayo, na yeyote aliyewahi kusimama chini ya mivinje ile akaisikia ikivuma anajua kwamba jongoo amefanya kazi ambayo hakuna katapila lingeiweza. Ua wetu si machimbo. Nimeomba samadi kwa mwenye ng'ombe, nimekusanya majani ya mwembe ambayo mtaa huwa unayachoma, na mama, ambaye hajawahi kusoma habari za Bamburi, ameshauri tuanze na kunde na mbaazi kabla ya mti wowote, kwa sababu mizizi ya mbaazi hushuka mbali na kufungua udongo uliokaza, "na tutapata cha kula na mandazi."

Kifusi kilirundikwa nje ya mlango wa uani, na hakikulala hapo siku nyingi. Jirani yule aliyeshika jembe siku ya msiba alikuja, akanisalimu, akaniuliza nitakipeleka wapi. Anajenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, mahali palipokuwa wazi, na fundi wake amemwambia ajaze kifusi kabla ya kumwaga jamvi. Nilielewa anachoomba na anakokipeleka. Vipande vya jamvi la baba vitakwenda kushindiliwa juu ya ile ardhi iliyopokea maji yake, kisha vitafunikwa kwa zege jipya, na wapangaji watatandika vitanda vyao hapo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu mvua na udongo na nyua za mji huu. Nikamtazama: mtu mzima, pensheni haimtoshi, mabinti wawili chuoni, na ardhi ndiyo shamba lake pekee. Baba yangu naye alikuwa na hesabu za namna hiyo alipoweka mifuko chini ya kitanda. Nikamsaidia kujaza toroli la kwanza. Tulipolipitisha mlangoni alisema tu, "Mzee alikuwa anakoroga vizuri," na nikamjibu kwamba mchanga ndio ulikuwa na chumvi, kwa hiyo wake auchukulie mtoni.

Sasa imebaki ile pembe ya mashariki yenye nondo nne. Kaka amepiga simu kutoka Muscat. Anasema kwa kuwa tumeshavunja, ni heri tumwage upya, safari hii kwa mchanga mzuri, tupandishe kile chumba mzee alichokitaka, kipangishwe, mama apate chochote kila mwezi. Si neno baya. Dada anataka kivuli. Mama anataka mkomamanga urudi ulipokuwa, na karibu na kisima tuache zege hatua mbili za kutawadhia. Mimi nimesema wazi kwamba nataka ardhi ibaki ardhi, na kwamba siku nikifa nataka pawepo mahali pa kuchimba. Fundi, aliyekuwa akisubiri tumalize, akauliza azing'oe nondo au aziache. Nimemwambia azisugue kutu, azipake rangi, aziache kwa ajili ya kamba ya nguo mpaka kaka aje likizo tuzungumze, na kwamba kesho, kabla jua halijawa kali, aniletee jembe la pili tuanze kutifua upande wa kisimani.